Mikono Inayopima Umri wa Maji

Makorongo ya vilima vya Irangi, wilayani Kondoa, yamepasua ardhi na kuacha kuta za udongo zilizo wazi. Juu ni udongo mwekundu uliosombwa kutoka mlimani, chini yake mchanga uliochanganyika na changarawe, kisha udongo mweusi mgumu uliowahi kuwa uso wa nchi, na chini kabisa mwamba. Watu wa Busi, kama wenzao wa Haubi na Kolo, wamekua wakipita pembeni ya kuta hizo wakienda shambani au kisimani. Mtu yeyote mwenye macho anaona kwamba tabaka la chini lilitangulia na la juu likafuata. Lakini lilitangulia kwa miaka mingapi? Na maji yanayopita gizani chini ya matabaka hayo, yale yanayojaza dumu kwenye pampu ya kijiji, yalinyesha kama mvua lini, na mlima gani?

Kuna mafundi wanaojibu maswali hayo kwa kupima atomu. Nimeipenda kazi yao kwa muda mrefu, na kadiri ninavyoisoma ndivyo ninavyozidi kuiheshimu kwa sababu moja: sehemu yake kubwa ni kukataa. Fundi mzuri wa isotopu anakataa chembe yenye ufa, anakataa maji yaliyolala bombani, anakataa namba isiyotaja kiasi inachoweza kukosea.

Msingi wenyewe unaelezeka kwa maneno machache. Atomu za elementi moja zinaweza kutofautiana uzito. Hizo ndizo isotopu. Baadhi yake hazitulii. Urani inageuka risasi hatua kwa hatua, rubidi inageuka strontiumu, potasiamu kidogo inageuka gesi ya agoni. Kasi ya kugeuka huko haiharakishwi na jua la Dodoma wala haipunguzwi na baridi ya usiku wa Juni. Nusu ya urani ya uzito wa 238 huisha kwa miaka bilioni 4.47; muda huo ndio unaoitwa nusu-uhai. Anayejua kasi, akapima kilichobaki na kilichozaliwa, anaweza kukokotoa muda uliopita. Ugumu wote uko katika neno hilo moja: akapima.

Mmoja wa waliofungua njia hii alipita jirani. Mwingereza Arthur Holmes alikwenda Msumbiji mwaka 1911, kijana wa miaka 21, kutafuta madini. Malaria ilimwangusha vibaya, na madini yenye faida hakuyapata, lakini hamu yake ya kujua umri wa miamba ya kale haikupoa. Ni yeye aliyekuja baadaye kuutambua mkanda mrefu wa miamba iliyopikwa na kukunjwa unaopita Afrika Mashariki, akauita Mkanda wa Msumbiji. Mkanda huo unapakana na bamba la kale la Tanzania hapa hapa katikati ya nchi. Upande wa Dodoma kuna miamba ya itale na jamaa zake yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, upande wa mashariki kuna miamba ambayo, hata kama ilizaliwa zamani, ilipikwa upya zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Kwa macho, mawe ya pande mbili yanaweza kufanana kabisa. Ni isotopu zinazoyatenganisha.

Namna yanavyotenganishwa ndiyo inayonivuta. Jiwe la itale husagwa, huoshwa kwa maji ili chembe nzito zibaki chini, hupitishwa kwenye sumaku, kisha kinachobaki humwagwa kwenye kisahani chini ya hadubini. Hapo fundi hukaa na kibano au brashi ya nywele chache, akichagua zirikoni moja moja, kama mama anayechambua mchele kwenye ungo kabla ya pilau la wageni. Zirikoni ni chembe ndogo kuliko punje ya chumvi. Ubora wake ni tabia yake ya kuzaliwa: inapoganda ndani ya mwamba ulioyeyuka hukaribisha urani na kuikataa risasi. Kwa hiyo karibu risasi yote inayopatikana ndani yake baadaye imezaliwa humo humo. Tena ina hesabu mbili kwa pamoja, maana urani ya 238 huishia kwenye risasi ya 206, na urani ya 235, ambayo nusu-uhai wake ni miaka milioni 704, huishia kwenye risasi ya 207. Hesabu mbili zikikubaliana, fundi anaamini. Zikipishana, anashuku kwamba chembe ilipoteza risasi njiani, na anarudi kwenye kisahani kutafuta nyingine.

Adui mkubwa wa kazi hii ni uchafu usioonekana. Mmarekani Clair Patterson, aliyetangaza mwaka 1956 kwamba Dunia ina umri wa miaka bilioni 4.55, alihangaika miaka mingi kwa sababu risasi ilikuwa kila mahali: hewani, kwenye vumbi, kwenye vyombo, kwenye nywele za watu. Ilimbidi ajenge chumba kisafi kuliko vyote vilivyokuwapo, aoshe vyombo kwa asidi tena na tena, achuje hata hewa. Alipofanikiwa, usafi huo huo ulimwonyesha jinsi petroli yenye risasi ilivyokuwa ikiichafua dunia nzima, akaishindania hoja hiyo hadi petroli ile ikaanza kuondolewa. Kumbe kuosha chupa kwa uangalifu kunaweza kuokoa watoto wasiohesabika na sumu ya risasi.

Kwa Watanzania, tarehe maarufu kuliko zote za aina hii ilitoka Olduvai. Mwaka 1961 Louis Leakey, pamoja na Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha California, walitangaza kwamba majivu ya volkano yaliyofunika fuvu la kale lililoitwa Zinjanthropus yana umri wa takriban miaka milioni 1.75. Walitumia potasiamu na agoni. Wengi walikuwa wakidhani binadamu wa namna hiyo hakuzidi sana miaka nusu milioni. Historia yetu ikarefuka ghafla.

Kule Irangi hakuna majivu ya kupimwa hivyo, na udongo wa makorongo una umri mdogo mno kwa urani na risasi ya zirikoni. Hapo ufundi hubadilika. Kwenye tope la ziwa kama Haubi, linalojaa na kukauka kufuata mvua, hutumika risasi ya 210. Gesi ya radoni, mjukuu wa urani, hutoka ardhini ikapanda hewani. Huko huzaa risasi ya 210, ambayo hurudi chini na mvua na vumbi na kuzikwa na tope. Nusu-uhai wake ni miaka kama 22, hivyo hufaa kwa mambo ya karne moja na nusu hivi: wakati wa misafara ya pembe za ndovu, utawala wa Wajerumani, wa Waingereza, na wetu.

Kwa tabaka la zamani zaidi hutumika mwanga uliofungiwa ndani ya punje za kwatzi. Urani, thoriamu na potasiamu ya udongo huzipiga punje hizo kwa mnururisho mwaka hadi mwaka, nazo huhifadhi athari yake mpaka zikutane na jua. Fundi hupigilia bomba la chuma kwenye ukuta wa korongo, huziba ncha zote mbili haraka, na kulifungua kwenye chumba chenye taa nyekundu hafifu. Mchanga ukiona jua dakika chache, kumbukumbu yake imefutika na safari nzima imepotea.

Mwaka 2000 Mats Eriksson, Jon Olley na Robert Payton walichapisha matokeo ya kupima hivyo udongo wa vilima vya Irangi. Mmomonyoko wa kwanza waliouona ulitokea kati ya miaka 11,000 na 15,000 hivi iliyopita, hali ya hewa ilipokuwa ikibadilika kutoka ukavu kwenda unyevu. Ulioletwa na mikono ya watu ulikwishaanza karne nyingi kabla ya mkoloni yeyote kufika, pengine miaka 900 iliyopita. Nayaona matokeo haya kuwa mazito kwa watu wa Kondoa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa kutoka kwenye eneo la kilomita za mraba 1,256. Familia ziliachana na ng'ombe wao. Ardhi ilipona sehemu nyingi, na hilo lisemwe wazi. Lakini lawama kwamba wafugaji wa kizazi kimoja ndio walioichana nchi haikuwa na haki, na ni punje za mchanga zilizosaidia kuipunguza.

Sasa maji, ambayo kwangu ndiyo kilele cha kazi hii, maana maji hayakai. Mwamba unakusubiri, maji yanachanganyika, yanapotea kwenye ufa, yanakunywa chumvi za njiani.

Bonde la Makutupora, kaskazini ya jiji la Dodoma, limepimwa kina cha maji yake tangu miaka ya 1950, na ni kati ya kumbukumbu ndefu kuliko zote za maji ya ardhini katika nchi za joto. Mwaka 2013 Richard Taylor na wenzake, wakiwamo Lister Kongola, Emmanuel Nahozya na Hosea Sanga, walichapisha usomaji wa miaka 55 ya vipimo hivyo. Maji yalikuwa yakishuka mwaka baada ya mwaka, kisha yakipanda kwa kishindo baada ya msimu mmoja wa mvua kubwa, kama ule wa El Niño wa 1997 na 1998. Nawaheshimu sana wale watu wasiotajwa waliokwenda visimani na tepu ya kupimia, mwezi baada ya mwezi, mmoja akistaafu mwingine akipokea.

Kina kinasema kiasi kilichoingia. Isotopu zinasema yaliingia lini na yalipita wapi. Hudson Nkotagu, katika utafiti alioutoa mwaka 1996 juu ya mwamba wenye nyufa wa Dodoma, alitumia isotopu za maji yenyewe kutafuta jinsi mvua inavyofika chini. Mojawapo ya zana za kazi hiyo ni tritiumu, hidrojeni nzito yenye nusu-uhai wa miaka 12.3. Majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliijaza hewani, hasa mpaka mwaka 1963, ikanyesha na mvua duniani kote. Dar es Salaam na Entebbe zilikuwa miongoni mwa vituo vya mwanzo vilivyokusanya mvua kwa ajili ya kuipima. Maji yenye tritiumu ya kupimika yameingia ardhini katika miongo ya karibuni. Yasiyo nayo ni ya zamani. Alama ya mabomu sasa imepungua karibu mara thelathini, hivyo mpimaji analazimika kuwa makini kupita kiasi. Hata saa ya mkononi yenye mishale inayong'aa gizani huachwa nyumbani, isije ikatia tritiumu yake kwenye chupa.

Kaboni ya 14 huhesabu maelfu ya miaka, lakini huku kwetu ina mtego. Udongo wa bara umejaa chokaa ngumu, na chokaa hiyo ina kaboni iliyokufa zamani. Maji yakiilamba, yanaonekana ya kale kuliko yalivyo. Anayetoa umri bila kuipunguza kaboni ya chokaa anatoa uongo wenye desimali.

Ndiyo maana napenda strontiumu. Rubidi ya 87 katika itale ya kale imekuwa ikizaa strontiumu ya 87 kwa mabilioni ya miaka, hivyo maji yanayopita humo huchukua uwiano mkubwa wa isotopu ya 87 kwa ile ya 86. Yaliyopita kwenye mawe machanga ya volkano, kama ya Hanang upande wa kaskazini, huwa na uwiano mdogo, karibu na 0.704. Jua linaweza kukausha bwawa mpaka maji yawe machungu, chumvi ikaongezeka mara kumi, lakini uwiano huo haubadiliki. Katika nchi kavu, ushahidi usioharibiwa na jua una thamani kubwa.

Kuupata ni kazi ya utulivu. Maji hupigwa pampu kwanza mpaka yale yaliyolala bombani yaishe, huku mpimaji akifuatilia joto na chumvi hadi namba zitulie. Huchujwa kwenye kichujio chenye matundu madogo kuliko mikroni moja, hutiwa tone la asidi safi, chupa hufungwa na kuandikwa. Maabarani, tone baada ya tone, hupitishwa kwenye mrija wa utomvu unaoshika strontiumu na kuiacha rubidi ipite. Hapo hakuna mzaha: rubidi ya 87 na strontiumu ya 87 zina uzito ule ule, na spektrometa, mashine inayopima uzito wa atomu, haiwezi kuzitofautisha. Namba inayotoka huandikwa hadi tarakimu ya tano baada ya nukta, na kabla ya kuaminiwa mashine hupimishwa kiwango kinachojulikana, ambacho lazima kisome 0.71025 au karibu sana.

Atakayetaka kuisoma Busi kwa njia hii hahitaji kuanza na mashine. Aanze na chombo cha kukusanyia mvua kwenye ua wa shule, chenye mafuta mepesi juu ili maji yasikauke, kikimwagwa na kuandikwa kila mwisho wa mwezi kuanzia Novemba hadi Aprili. Kisha achukue chupa kwenye kila pampu, kila chemchemi, na kwenye visima vya mchangani vinavyochimbwa korongoni wakati wa kiangazi, na kipande cha mwamba kutoka kilima kilicho juu ya kila kimoja. Pampu mbili zenye strontiumu moja na umri mmoja huenda zinakunywa kwenye ufa mmoja, na kamati ya maji ingepaswa kulijua hilo kabla ya kuleta mashine ya kuchimba kisima cha tatu. Pampu isiyo na tritiumu kabisa inatoa maji ambayo mvua za karibuni hazijayarudisha. Hiyo isifungwe injini kubwa.