Mkimbizi, Mvamizi, Mkombozi: Maasi ya Uganda ya 1972 na Ukimya wa Fasihi ya Kiswahili

Utangulizi

Makala haya yanahusu tukio ambalo fasihi ya Kiswahili imelipita karibu bila kulitazama. Tarehe 17 Septemba 1972, wakimbizi wa Uganda waliokuwa wakiishi Tanzania walivuka mpaka wakiwa na silaha ili kumwondoa Idi Amin madarakani. Katika muda wa siku chache walikuwa wameshindwa. Mwaka 1979 baadhi yao waliingia Kampala pamoja na jeshi la Tanzania, na ushindi huo ukapata watunzi wake mara moja. Swali tunalotaka kulijadili ni hili: kwa nini ushindi ulitungiwa, na ushinde ukaachwa?

Swali lenyewe sikulipata maktabani. Nililipata utotoni, huko Mumbuni, karibu na mji wa Machakos, kwa mzee mmoja jirani yetu aliyewahi kuwa askari wa Keya. Ukambani kulitoa askari wengi wa jeshi hilo la kikoloni, na mzee huyu alirudi na Kiswahili chake cha kambini, kisichojali sana upatanisho wa ngeli lakini kisichokosa neno. Alipotusimulia habari za vita vya majirani zetu, hakusema kwamba watu wale wa 1972 walivamia Uganda, wala hakusema kwamba walikwenda kuikomboa. Alisema kwamba walirudi kwao, wakakuta mlango umefungwa. Nadhani alikuwa akifikiri kwa Kikamba, ambamo kusyoka ni kurudi tu, bila sifa wala lawama.

Miaka mingi baadaye, nikisomea shahada ya uzamili ng'ambo, nililikuta tukio lile lile vitabuni, kwa Kiingereza. Mlikuwamo hesabu ya askari, makosa ya mipango na mafunzo ya kisiasa. Lile neno la mzee halikuwamo. Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba tatizo hili si la wanahistoria peke yao, bali ni letu pia sisi tunaoshughulika na lugha.

Tukio lenyewe

Kabla ya kuhakiki masimulizi, inafaa tukumbushane kisa. Tarehe 25 Januari 1971 Amin alimpindua Rais Milton Obote, ambaye wakati huo alikuwa Singapore katika mkutano wa Jumuiya ya Madola. Obote alipata hifadhi Tanzania, na Mwalimu Nyerere akakataa kuitambua serikali mpya. Askari waliomtii Obote, wengi wao Waacholi na Walango walionusurika mauaji ya makambini, walimfuata. Wengine walikusanyika kusini mwa Sudani, lakini baada ya mapatano ya Addis Ababa ya 1972 hawakuwa tena na nafasi huko. Kando yao lilikuwako kundi dogo la vijana wa Yoweri Museveni.

Mpango wao ulikuwa na mikono miwili. Kundi moja, kutoka mpakani Mutukula, lingeelekea Masaka, na jingine lingeishambulia kambi ya Mbarara. Wakati huo huo, ndege aina ya DC-9 ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki ingechukuliwa Dar es Salaam, ipakie askari Kilimanjaro na kuwashusha Entebbe. Ndege ilipotua Kilimanjaro matairi yake yalipasuka, na mkono huo ukakatika kabla ya vita kuanza. Waliovuka kwa miguu na kwa malori walikuwa elfu moja hivi. Tegemeo lao kubwa halikuwa bunduki walizobeba, bali imani kwamba wakionekana tu, umma ungeinuka.

Umma haukuinuka. Walioshambulia walitawanywa, wengi wakauawa, na waliotekwa, akiwamo aliyekuwa Waziri wa Habari, Alex Ojera, hawakuiona Tanzania tena. Ndege za Amin ziliishambulia miji ya Tanzania kando ya Ziwa. Mapatano yaliyotiwa sahihi Mogadishu tarehe 5 Oktoba 1972 yakazitaka nchi hizo mbili zisiwape nafasi maadui wa kila mmoja wao.

Lakini gharama kubwa zaidi ililipwa na watu ambao hawakuvuka mpaka wowote. Tarehe 21 Septemba Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa katika Mahakama Kuu na kuuawa. Mwezi uliofuata Frank Kalimuzo, mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere, alichukuliwa asionekane tena. Mnamo Februari 1973 watu walioshtakiwa kwa kuhusiana na wapiganaji walipigwa risasi hadharani katika miji kadhaa. Hawa wote wamo katika kisa cha 1972, na msimulizi anayewaacha nje amesimulia nusu.

Majina matatu

Tuyatazame sasa maneno. Mtu yule yule aliyekimbia Kampala mwaka 1971 aliitwa mkimbizi. Alipovuka Mutukula mwaka 1972, Amin na redio yake walimwita mvamizi. Kama alibahatika kuishi hata akavuka tena mwaka 1979, aliitwa mkombozi. Majina haya matatu yameundwa kwa njia moja: kimbia, vamia na komboa, kila kimoja kimepewa kiambishi cha mtu mwanzoni na kiishio -zi mwishoni. Kwa sarufi, yote matatu ni majina ya mtendaji, na kwa umbo ni ndugu. Kilichoyatenga ni mahali anaposimama msemaji na siku anayosema.

Neno mvamizi linadai kwamba aliyeingia ni mgeni. Asili ya kuvamia ni kumwangukia mtu ghafla, na aghalabu mwenye kuvamiwa ni mwenye nyumba. Je, mtu aweza kuivamia nyumba yake mwenyewe? Amin alihitaji jibu liwe ndiyo, maana neno hilo liliwafuta wale watu katika uraia wao kabla ya risasi kuwafuta duniani. La kusikitisha ni kwamba wengi wetu tusiompenda Amin tumeendelea kulitumia neno hilo hilo bila kufikiri.

Neno mkombozi nalo lina deni lake. Kukomboa ni kulipa ili urudishiwe kilichowekwa rehani. Katika lugha ya siasa tumesahau malipo, tukabaki na kurudishiwa. Hivyo mwaka 1979 tunawaona wakombozi kwa sababu mali ilirudi. Mwaka 1972 hatuwaoni, ingawa malipo yalitolewa. Lugha yetu imemnyima jina mtu aliyelipa asipewe kitu. Pengo hili ndilo mzee wa Mumbuni alilolivuka kwa kitenzi kimoja cha kawaida.

Mapokeo ya ushinde

Huenda msomaji akasema kwamba tanzu zetu, hasa utenzi, hupenda ushindi, na kwamba ni kazi bure kuzidai kitu zisichokijua. Dai hilo halisimami mbele ya ushahidi. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alitunga utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, na vita hivyo vya 1888 na 1889 vilikwisha kwa Abushiri kunyongwa Pangani. Abdul Karim bin Jamaliddini alitunga utenzi wa vita vya Maji Maji, na hao waliopigana kuanzia 1905 walishindwa kwa njaa na kwa risasi. Katika tamthilia, Ebrahim Hussein aliitoa Kinjeketile mwaka 1969, na Mugyabuso Mulokozi akaitoa Mukwava wa Uhehe mwaka 1979. Fasihi ya Kiswahili, basi, imekwisha kuonyesha kwamba yaweza kuuchukua ushinde mabegani.

Tofauti iko wapi? Twaona iko katika hadhira. Abushiri na Kinjeketile walishindwa na wageni, wakiwa kwao, na walioachwa nyuma walikuwa watu wao. Hata uhamisho hauui kumbukumbu ikiwa nyumbani pana masikio: watu wa Machakos hawajamsahau Muindi Mbingu, aliyewaongoza mwaka 1938 kupinga kuuzwa kwa mifugo yao kwa nguvu, akahamishiwa Lamu. Lakini wale wa 1972 walishindwa na Mwafrika mwenzao, mlangoni pao wenyewe, mbele ya watu waliokuwa na sababu za kutowafungulia. Masaka ni nchi ya Buganda, na Buganda ilikuwa haijasahau mwaka 1966, jeshi la Obote liliposhambulia ikulu ya Kabaka. Amin alikuwa ameurudisha mwili wa Mutesa uzikwe nyumbani mwaka 1971. Kwa mkulima wa huko, askari wa Obote aliyerudi na bunduki, tena pengine akimsemesha kwa Kiswahili cha kambini, hakuwa habari njema. Wale walioandaa maasi walikuwa wametunga hotuba kwa hadhira waliyoikumbuka, si kwa hadhira iliyokuwapo. Mhakiki wa fasihi analijua kosa hili; ni kosa la mtunzi aliyekaa mbali na wasikilizaji wake.

Kwa hiyo walikosa watunzi pande zote mbili. Uganda ya Amin isingewaimba. Tanzania, iliyotia sahihi Mogadishu, haikuwa na haja ya kulikumbusha jambo lililoitahayarisha. Vita vya 1978 na 1979 vilipokwisha, Baldwin Mzirai alitoa Kuzama kwa Idi Amin mwaka 1980, na Henry Muhanika akatoa utenzi wake wa vita vya Kagera na anguko la Idi Amin Dada mwaka 1981. Hapa sihukumu kazi hizo kwa ujumla. Natazama majina yake tu. Kuzama, anguko: yote mawili yanaanzia mwisho na kutazama nyuma. Kwa jicho hilo mwaka 1972 waweza kuonekana kama utangulizi tu.

Hali ni hiyo hiyo katika kumbukumbu za washindi. Museveni, katika kitabu chake cha 1997 alichokiandika kwa Kiingereza, anayahakiki mashambulizi ya 1972 kwa ukali, na hasa ile dhana kwamba umma ungeinuka wenyewe. Uhakiki wake una ukweli mwingi. Ila ni uhakiki wa mtu aliyefika. Katika kitabu cha aliyefika, kila kujikwaa hugeuka somo la safari. Aliyefia Mbarara hakujikwaa. Safari yake ilikwisha.

Pingamizi

Wako watakaouliza: je, kuwatungia watu hawa si kumtukuza Obote, ambaye utawala wake wa pili, kuanzia 1980 hadi 1985, uliacha mafuvu mengi Luwero? Pingamizi hili ni zito, na anayelipuuza hafai kusikilizwa. Jibu letu ni kwamba tanzia si sifa. Kinjeketile wa Hussein hakutakaswa na mtunzi wake. Maji hayakuzuia risasi, na tamthilia haifichi hilo. Hata hivyo Kinjeketile anakataa kuyakana maji mbele ya Wajerumani, maana anajua kwamba akiyakana, watoto wataambiwa kwamba waliopigana walikosea kupigana. Hussein ameweza kutenganisha uongo wa njia na ukweli wa madai. Maasi ya 1972 yanahitaji jicho la namna hiyo: linaloona mpango mbovu, kiongozi mwenye doa, umma wenye haki ya kushuku, na bado likaona kwamba madai ya mtu kurudi kwao hayakuwa uongo.

Wengine watasema kwamba umma usioinuka hauna hadithi. Sisi twaona kinyume. Mkulima wa Masaka aliyefunga mlango wake usiku wa 17 Septemba, na wiki chache baadaye akaona jirani yake akichukuliwa kwa kosa ambalo hakulitenda, ni mhusika ambaye riwaya yetu bado haijampata. Si shujaa wala msaliti. Maneno yetu matatu hayamfai hata moja.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba ukimya wa fasihi ya Kiswahili juu ya 1972 haukutokana na udhaifu wa tanzu zetu, kwa kuwa tanzu hizo zimekwisha kuubeba ushinde mara nyingi. Umetokana na mazoea ya kumpa mtu jina kwa kutazama mwisho wa kazi yake, na ya kuiachia hadithi mikononi mwa waliofika. Kutunga ni kazi ya watunzi, na hatuwezi kuwaamrisha. Lakini sisi walimu tunaweza kuyafundisha maneno haya matatu pamoja, ili mwanafunzi aone kwamba mkimbizi, mvamizi na mkombozi waweza kuwa mtu mmoja. Tunaweza pia kuwatuma wanafunzi wetu wakawasikilize wazee wangali hai, maana zaidi ya miaka hamsini imepita na masikio yaliyosikia redio ya mwezi ule yanapungua.

Mzee wa Mumbuni alifariki kabla sijajua thamani ya alichosema. Sikumrekodi, wala sikumwuliza ni nani waliofunga mlango na kwa nini. Kitenzi chake ndicho kilichobaki, nami nakitoa hapa kwa wenzangu, tukianzie hapo.