Zidaka za Lamu: Pale Pambo na Ukuta ni Kitu Kimoja

Nyumba kongwe za mawe mjini Lamu haziringi barabarani. Ukipita kichochoroni unaona kuta ndefu zisizo na kitu, mlango wa mbao, na daka lenye mabaraza ya kukalia wageni. Uzuri umewekwa mbali na mpita njia, katika chumba cha nyuma kinachoitwa ndani. Huko ukuta umegawanywa vishubaka safu juu ya safu, kila kimoja na tao lake, na nafasi baina yake zimechongwa nakshi. Hizo ndizo zidaka. Kwangu mimi hakuna pambo la ukuta katika pwani yetu linalozishinda, kwa sababu pambo hili halikuletwa kuuficha ukuta wala kuufunika. Limetoka katika ukuta huohuo.

Kuelewa kwa nini zidaka zikawekwa ndani, anza na boriti. Dari za nyumba hizi hubebwa na miti ya mikoko, na boriti ya mkoko haiwezi kuvuka nafasi pana. Basi vyumba vikawa virefu lakini vyembamba, upana wake mita 3 au pungufu. Hufuatana kutoka kiwanda, ule uwanja wazi wa nyumba: msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani. Mwanga nao hutoka huko kiwandani na kupungua kila chumba unachovuka. Chumba cha ndani kingekuwa finyu na kizito. Kwa kuwa kilikuwa chumba cha sitara, waashi hawakukitoboa madirisha. Waliugeukia ukuta wa nyuma wakaujaza vishubaka. Vivuli vya vishubaka, vikizungukwa na weupe wa chokaa, humfanya anayetazama kutoka msanani aone kana kwamba ukuta umesogea nyuma. Humo zilipangwa sahani na bakuli za kaure kutoka China, na kaure iliukamata mwanga kidogo uliofika na kuurudisha chumbani.

Mali ghafi ya kazi hii ni tumbawe. Magogo hupangwa mduara, vipande vya matumbawe hurundikwa juu yake, na moto huwashwa. Joto likifika nyuzi 900 hivi za Selsiasi, jiwe hupoteza hewa ya kaboni iliyofungwa ndani yake na kubaki chokaa kali inayochoma ngozi. Ikimwagiwa maji hufukuta, hupasuka na kuwa unga laini. Ikishapakwa ukutani, huanza kuivuta tena ile hewa ya kaboni, na polepole hurudi kuwa kile ilichokuwa kabla ya moto. Kwa hakika mwashi wa chokaa anafanyiza jiwe jipya juu ya jiwe la zamani.

Kukauka huko kwa polepole ndiko kunakompa mchongaji nafasi. Saruji ingemkimbiza, chokaa humsubiri, ila nayo humtaka asubiri. Kwanza hupiga tabaka la chini lenye mchanga, hulisawazisha kwa mwiko na ubao mrefu, kisha huliacha livute. Juu yake huweka tabaka nene na laini zaidi, ambalo ndilo la kuchongwa. Akiingiza kisu mapema, kingo huporomoka. Akichelewa, chokaa humeguka vipande. Wakati wake ni pale kidole kinapobonyeza bila kuacha alama, na kisu bado kinapita kama kwenye kipande cha sabuni. Hapo hupiga mistari kwa uzi, huzungusha miduara kwa bikari, na kuanza.

Tazama mkono wake ulivyo. Kisu hakisimami wima. Hukilaza, akakata mshazari kutoka upande mmoja, kisha mshazari kutoka upande wa pili, hadi njia mbili zikutane chini. Kiujiti chembamba cha chokaa hung'oka, na nyuma yake hubaki mfereji wenye miteremko miwili. Mwanga unaokuja kwa ubavu hugonga mteremko mmoja na kuuacha wa pili kivulini, kwa hiyo mstari husomeka hata katika chumba chenye taa moja tu. Maua ya duara, misokoto ya kamba, minyororo, majani: yote ni meupe juu ya weupe, na kinachoyatenganisha ni kivuli. Anayechonga hivi lazima ajue mapema mwanga utaingia kutoka wapi.

Mkono wa namna hii haukuzuka ghafla. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika tumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 Miladia. Tumbawe likitoka baharini huwa laini na kukatika kwa urahisi, kisha hukazana likikaa hewani. Waashi wa pwani walikuwa wamejifunza kuliwahi jiwe kabla halijagoma. Zidaka za Lamu na Pate, zilizofikia kilele katika karne ya 18, zinadai weledi uleule wa kuiwahi saa, safari hii katika chokaa.

Zina adui wawili. Wa kwanza ni mapenzi. Nyumba hupakwa chokaa mpya ili ing'ae, na kila mpako mpya huacha utando ndani ya mifereji. Miaka inavyopita kingo hujiviringa, ua hugeuka kibonge. Anayetengeneza upya hulazimika kukwangua utando mmoja baada ya mwingine kwa kisu kidogo, mpaka aufikie mkato wa mchongaji wa kwanza na kusimama hapohapo. Adui wa pili ni saruji. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na kuutoa. Chokaa huuruhusu upite. Saruji huufungia ndani, chumvi hukusanyika, na baada ya muda lipu hubanduka pamoja na uso wa jiwe.

Mji Mkongwe wa Lamu uliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na jumba la makumbusho la Nyumba ya Waswahili mjini humo linaonyesha ukuta wa zidaka mahali pake panapostahili. Lakini ningependa ufundi huu uishi pia katika nyumba zinazojengwa leo. Siku hizi anayetaka kukiburudisha chumba hukimbilia jipsamu iliyomiminwa kiwandani au karatasi za kubandika, na vyote viwili hufanana kutoka nyumba hadi nyumba. Somo la zidaka linawezekana hata kwa mwenye kipato cha kawaida: chagua ukuta mmoja, ule unaopokea mwanga kwa ubavu; acha mingine mitupu; tia vishubaka vichache au ukanda mmoja wa nakshi, kwa chokaa. Kisha mlipe fundi kwa siku anazongojea kama unavyomlipa kwa siku anazochonga, kwa maana ubora wa mkato wake unategemea hizo za kungoja. Fundi anayeharakishwa atarudi kwenye saruji na kalibu, na kijana anayemsaidia hatajifunza kisu kinalazwa vipi.