Mashine ya Nukta Nundu

Mashine ya Perkins ya kuandikia nukta nundu ilibuniwa na David Abraham, mwalimu wa useremala katika shule ya wasioona ya Perkins, Marekani, na ikaanza kutoka kiwandani mwaka 1951. Ina vitufe sita vya nukta, kimoja kwa kila nukta. Herufi b, kwa mfano, ni nukta ya 1 na ya 2 zikibonyezwa kwa mpigo mmoja. Anayetumia kibao na kalamu ya ncha huandika kutoka kulia kwenda kushoto, kisha huigeuza karatasi ndipo asome. Kwenye mashine, nukta huchomoza juu papo hapo, na mwandishi hupapasa kosa lake mara moja. Ni nzito, na kelele zake darasani si haba. Lakini haihitaji umeme, na vyombo vya shule vinavyodumu kama hiyo ni vichache.