Skii ya mlima mzima? Tupime kwanza

Nordica Enforcer 100 inasifiwa kuwa skii ya mlima mzima. Hiyo 100 ni upana wa kiuno chake kwa milimita. Kwenye theluji laini, sawa kabisa: eneo kubwa, huzami. Shida iko kwenye theluji iliyoganda. Hapo unasimamia makali, na makali yako milimita 50 kutoka katikati ya mguu. Kwa skii ya 70, ni 35 tu. Tofauti hiyo inabebwa na goti, na kugeuka kunachelewa. Mabamba mawili ya aloi ya alumini yanaizuia isitetemeke ukienda kasi, ila mtu mwepesi anayejifunza atahangaika kuipinda. Kwa miteremko migumu ya Alps, mimi ningechukua mdogo wake wa 88. Mabamba bado mawili, lakini goti linapumua.