Hadithi Iliyoshonwa kwa Shanga

Sketi za ngozi walizoshona zamani wasichana wa Kiiraqw, wakiwa ndani katika unyago ulioitwa marmo, leo nyingi zimo katika makabati ya makumbusho. Si vitu vya kupitiwa kwa haraka. Anza na ngozi yenyewe: ya mbuzi, iliyoparwa na kulainishwa kwa mafuta mpaka ikakubali mshono. Kisha uchague mviringo mmoja wa shanga, utulie nao.

Safu inaizunguka safu, rangi ikipokezana na rangi. Hapo ndipo mkono wa fundi hujulikana. Uzi ukivutwa mno, ngozi hujikunja. Ukilegezwa, shanga hucheza na mstari ukapinda. Safu ya ndani ikikosewa hakuna pa kuficha, maana kila safu inayofuata hulikuza kosa lile.

Mviringo huo husomwa kuwa jua, na jua kwa Wairaqw ni Looa, mungu wa kike, mwenye huruma. Chini, kwenye chemchemi na mito, wanakaa Neetlangw, pepo wa kuogopwa. Linganisha na mchoraji Mrusi Viktor Vasnetsov: alipochora Alyonushka wa ngano za kwao mwaka 1881, alituonyesha kila kitu, msichana pekupeku juu ya jiwe, maji meusi, msitu nyuma yake. Mshonaji wa Kiiraqw hakuonyesha chemchemi wala pepo. Alishona jua, yaliyobaki akawaachia wasimulizi. Alijua kazi yake itavaliwa: mandhari nzima ingepotelea kwenye mikunjo ya vazi, lakini duara husomeka hata mvaaji akiwa anatembea.

Pande za Balangdalalu, karibu na Mlima Hanang, majirani zao Wadatoga wamepunguza zaidi. Sketi ya ngozi ya mwanamke wa Kidatoga aliyeolewa huhusishwa na Udameselgwa, mungu wa kike, ila sura yake haimo. Kuna kamba nyembamba za ngozi tu, nyingi, zinazoning'inia na kuyumba kwa kila hatua. Kuzikata ziwe sawa kunataka kisu kikali na mtu asiye na papara. Kisu kikiteleza kidogo tu, kamba imekwenda.

Anayeijua hadithi ataiona humo. Asiyeijua ataona vazi lililotengenezwa vizuri, na hapo pia hajapunjwa.