Odoo na kufuli ya vitabu

Ubaya wa Odoo, programu ya kuendeshea biashara, haukuanzia kwenye bei. Ulianza 2015, toleo la 9 lilipotoka: uhasibu kamili ukahamishiwa Enterprise ya kulipia, Community ya bure ikabakiziwa ankara na malipo. Ulikuwa uamuzi mbovu siku ile, na ni mbovu mpaka leo.

Chukua kufunga kipindi tu. Mwezi umekwisha, urari umekubali, tarehe inafungwa ili asije mtu Machi akachomeka ingizo la Januari. Kwa kampuni iliyo chini ya kifungu cha 404 cha sheria ya Marekani ya Sarbanes-Oxley hilo si pambo, maana menejimenti hutakiwa kila mwaka kutathmini udhibiti wake wa ndani na kutamka kama unafanya kazi. Sasa fungua Community. Tarehe ya kufungia imo kwenye hifadhidata na programu inaiheshimu, ila dirisha la kuibadilisha likaishia kwa wanaolipa. Menyu za uhasibu nazo zimefichwa: unawasha hali ya msanidi, unaingia kwenye ukurasa wa mtumiaji, unatia tiki kisanduku kimoja, zinajitokeza. Mkaguzi akiuliza nani aliidhinisha tiki ile, utamwonyesha karatasi gani? Tena anayeitia kwa kawaida ni msimamizi wa mfumo, na kwenye kampuni ndogo huyo huyo ndiye anayepitisha maingizo. Mgawanyo wa majukumu umekwenda na maji.

Watetezi watasema kampuni lazima ile. Nani kakataa? Iuze seva, iuze mafunzo, iuze msaada wa usiku wa manane. Kufuli ya vitabu isiuzwe.

Wanajumuiya wa Odoo Community Association (OCA) wameziba pengo kwa moduli za ripoti na za tarehe za kufungia, na mnyororo wa heshi za SHA-256 unaolinda maingizo yaliyopitishwa umeachwa Community. Kazi safi.

Anayetaka kuona kufuli isiyouzwa aitazame LedgerSMB, programu huria ya uhasibu. Ilijitenga na SQL-Ledger 2006, usalama ukiwa kiini cha ugomvi, na toleo la 1.3 likapeleka haki za watumiaji ndani ya PostgreSQL yenyewe. Karani asiye na ruhusa ya kupitisha muamala anaweza kuikwepa skrini, akaingia hifadhidata moja kwa moja, na bado akakataliwa. Ila sura ya LedgerSMB haiuziki. Muuzaji hathubutu kuiwasha mbele ya mteja. Miaka hiyo LedgerSMB ikijenga kufuli, Odoo ilikuwa ikibadili majina: TinyERP, OpenERP, kisha Odoo.