Siwa, Buruji na Beni

Wapo wahakiki waitazamao ngoma ya beni kuwa ni mwigo mtupu wa bendi za kijeshi za wakoloni: tarumbeta za shaba, ngoma kubwa, vigoma, na vijana waliojivika vyeo vya Kingi na Jenerali. Hoja hii ina chembe ya ukweli, lakini ina walakini: inaitazama ala bila ya kuuliza kazi yake.

Buruji ya askari haina vali. Milio yake ni michache, nayo hutokana na midomo na pumzi za mpigaji tu. Uchache huo uliwafaa makamanda, kwani kila wito ulikuwa amri: amkeni, songeni mbele, laleni. Buruji haijibiwi, hutiiwa.

Mwambao nao ulikwishaijua pembe ya amri. Siwa ya Pate, iliyochongwa kwa pembe za ndovu, na ile ya Lamu, ya shaba, zilikuwa alama za mamlaka. Hazikulia kwa ajili ya kila mtu.

Hapo ndipo ulipo upya wa beni, iliyochipuka Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19. Vijana wasio na kiti wala jeshi walijitwalia haki ya kupiga pembe. Mombasa wakashindana Kingi na Scotchi. Tanganyika, baada ya vita vya 1914–1918, Marini na Arinoti. Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975, ameonesha kuwa mashindano hayo yalirithi ushindani wa kale wa mitaa ya mwambao. Sisi wapenzi wa ushairi tuna la kuongeza: silaha ya ushindani huo ilikuwa neno. Tarumbeta ilitangulia, wimbo ukafuata, na wimbo ulidai jawabu. Ala iliyoundwa isijibiwe ikaingizwa katika majibizano.

Unguja, beni ingali ikisindikiza harusi, na wanawake wakiitikia nyimbo nyuma ya tarumbeta. Lakini waandikao juu yake mara nyingi husifu mng'aro wa shaba na kuyaacha maneno. Tarumbeta ikivunjika, hununuliwa nyingine. Beti za kejeli zilizohifadhiwa kifuani mwa mwimbaji mmoja huzikwa naye. Historia ya ushairi wetu wa kujibizana haitakamilika hadi beti hizo zikusanywe na kupewa nafasi katika diwani zetu.